Jeraha Lisilouma

Mwezi wa Aprili mwaka 1901, bingwa wa fizikia wa Kifaransa aitwaye Henri Becquerel alitia katika mfuko wa kizibao chake kichupa chembamba cha kioo kilichozibwa barabara, ndani yake mna chumvi kidogo ya radiamu aliyoazimwa na rafiki zake Pierre na Marie Curie, akaenda nacho huku na huku mjini Paris kwa saa chache, akafanya shughuli zake, akarejea nyumbani, wala hakuhisi joto wala baridi, wala hata ule mwasho mdogo uletwao na sisimizi apitaye juu ya ngozi. Siku kadhaa zilipopita aliona juu ya ngozi yake, mahali pale pale ulipokaa mfuko, alama nyekundu yenye umbo la kile kichupa. Na alama ile ikaiva, ikachubuka, ikawa kidonda kilichotaka kuuguzwa kama kidonda cha moto, ilhali moto haukuwapo.

Pierre Curie naye alilifanya jambo hilo kwa makusudi. Alijifunga radiamu mkononi kwa muda wa saa kumi, kisha akakaa kuutazama mkono wake mwenyewe siku baada ya siku, akiandika aliyoyaona kwa utulivu wa mtu anayepima kina cha maji kwa bildi. Ngozi iligeuka nyekundu mithili ya iliyoungua, lakini, aliandika, haikuuma, au iliuma kidogo sana. Baada ya siku chache wekundu ulizidi. Siku ya ishirini yakafanyika magaga. Kisha kikafunguka kidonda kilichofungwa vitambaa. Na siku ya 52 kingalipo kidonda cha upana wa sentimita moja ya mraba, chenye rangi ya kijivu, dalili kwamba madhara yaliingia ndani zaidi kuliko yalivyoonekana juu.

Nimeusoma mkasa huu mara nyingi, na kila niusomapo hunirejesha kwenye neno moja: haikuuma. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba maumivu ni mlinzi wa mwili, asiyelala, apigaye kelele kila adui akaribiapo. Mtoto akigusa chungu cha moto huutoa mkono kabla hata hajajua kilichompata. Imekuwaje basi mlinzi huyu akanyamaza saa zote zile wakati ngozi ya Becquerel ikiuawa chini ya kizibao chake? Na mbona, kwa upande wa pili, hupiga kelele usiku kucha kwa jambo ambalo tabibu akilitafuta halioni? Elimu mbili zilizo mbali kabisa moja na nyingine, ya urani na jamaa zake, na ya nafsi ya mwanadamu anapoumia, zimefikia mahali pamoja katika kulijibu swali hili, nami naona jawabu lao lina haki ya kujulikana na kila mtu aliye na mgonjwa nyumbani.

Radiamu ile ni kizazi cha urani, na habari ya urani yaanzia katika machimbo ya fedha ya Joachimsthal, huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Fedha ya milima ile ilifuliwa sarafu zilizoitwa kwa jina la bonde hilo, thaler, na katika ukoo huo wa sarafu ndimo zilimotoka baadaye zile reale nzito zenye sura ya Malkia Maria Theresa, ambazo babu zetu wa pwani walizihesabu katika mizani ya pembe na karafuu. Wachimbaji wa fedha walikuwa wakikutana na jiwe jeusi, zito, ling'aalo kama lami, wakalitupa pembeni kwa kuwa halikuwa na faida kwao. Mwaka 1789 mkemia wa Berlin, Martin Klaproth, alilichunguza jiwe hilo akatambua kwamba lina elementi isiyojulikana, akaipa jina la sayari ya Uranus iliyogunduliwa miaka michache kabla yake. Alichokishika mkononi hakikuwa metali safi bali oksidi yake, na ikapita zaidi ya miaka hamsini, hadi 1841, ndipo Eugène Péligot wa Paris alipoipata metali yenyewe.

Watu wengi wasikiapo urani hufikiri mabomu tu. Mkemia huifikiria kwanza kama kitu chenye tabia mbili. Urani iliyotoa elektroni nne hukaa katika jiwe wala haitaki maji, yaweza kulala ardhini mamilioni ya miaka isitikisike. Lakini ikikutana na oksijeni ikatoa elektroni mbili zaidi, zikawa sita, huungana na atomu mbili za oksijeni, moja upande huu na moja upande ule, zikanyooka mstari mmoja kama mzega begani mwa mchukuzi wa maji. Na katika hali hiyo, yenye rangi ya manjano, huyeyuka na kusafiri. Hivyo ndivyo wanajiolojia wanavyoeleza akiba za urani zilizomo katika mawe ya mchanga, kama zile za Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma: maji ya kale yenye oksijeni yalipita yakiichukua urani chembe kwa chembe, mpaka yalipofika mahali palipokosa oksijeni, penye mabaki ya mimea iliyozikwa mchangani, na hapo urani ikarudia tabia yake ya kwanza, ikatua, ikabaki.

Mzega ule ule ndio huingia mwilini mwa mtu anywaye maji yenye urani nyingi. Katika damu huchukuliwa pamoja na kaboneti bila kufanya ghasia, hupita katika chujio la figo, na katika vijia vyembamba vya figo, ambako mkojo huzidi uchachu, huachana na wenzake wa safari ukang'ang'ania chembe hai za kuta zile na kuziua. Ajabu kwa wengi ni kwamba dhara hili la kwanza halitokani na mionzi. Ni sumu ya kikemia tu, kama ile ya risasi au zebaki, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 za urani katika lita moja ya maji ya kunywa. Nalo halina maumivu. Vijia vile vya figo haviwezi kulia, na mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi ya figo zake huku akila, akilala na kucheka na watoto wake.

Mionzi yenyewe iligunduliwa na Becquerel huyu huyu, miaka mitano kabla ya mkasa wa kizibao. Mwishoni mwa Februari 1896 alikuwa ametayarisha chumvi ya urani juu ya bamba la kupigia picha lililofungwa karatasi nyeusi, akitaka kuianika juani, kwa kuwa alidhani jua ndilo huiamsha. Mawingu yakatanda Paris, akayafungia yote katika mtoto wa meza. Alipolisafisha bamba siku ya kwanza ya Machi, akitarajia kivuli hafifu, alikuta alama nzito. Urani haikuhitaji jua. Ilikuwa ikitoa mionzi yake gizani, kwa nguvu iliyomo ndani yake yenyewe.

Marie Curie, mwanamke wa Kipolandi aliyekuja Paris kusoma, alipoyapima yale mawe meusi ya Joachimsthal aliona yana nguvu kupita urani iliyomo ndani yake, akakata shauri kwamba lazima mna kitu kingine kilichojificha. Katika mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili, poloni mwezi wa Julai na radiamu mwezi wa Desemba. Lakini kutangaza ni kitu kimoja na kukiweka kitu mezani kikaonekana ni kingine, kwa sababu katika tani nzima ya urani radiamu haifiki hata nusu ya gramu. Basi katika banda bovu lililovuja, lenye baridi kali wakati wa kipupwe na joto la tanuri wakati wa kiangazi, Marie alipika masalio ya mawe yale kilo ishirini kwa ishirini, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake, mchana kutwa, hata jioni mikono haiinuki. Radiamu ilikuwa imejificha ndani ya bari, ambayo hufanana nayo katika karibu kila tabia. Ila chumvi ya radiamu hutangulia kidogo kugandamana maji yapoapo, na kwa kuirudia hila hiyo ya kuyeyusha na kugandisha maelfu ya mara, kila mara akichukua fuwele za kwanza na kuyaacha maji, alifika mwaka 1902 kwenye desigramu moja ya kloridi ya radiamu safi. Usiku waliingia bandani bila taa kuvitazama vichupa vyao ving'aavyo rafuni.

Ncha za vidole vya Marie ziligeuka ngumu, zikauma kwa miaka. Alifariki Julai 1934 kwa ugonjwa wa uboho ulioshindwa kutengeneza damu, na daftari zake hata leo zahifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi. Sijui mfano mwingine katika elimu ambapo mtu alikipenda kitu hivyo, kikamwangazia usiku, na kikamla polepole kwa upole wa namna ile.

Sababu ya upole huo ni hii. Mishipa ya fahamu iletayo habari za maumivu ina ncha zilizotandazwa katika ngozi na viungo, na ncha hizo huamshwa na mambo maalumu: joto au baridi ipitayo kiasi, kubanwa au kuchanika, na kemikali zimwagikazo mahali palipojeruhiwa. Haina chombo cha kupokea mionzi. Na mionzi, kwa hesabu ya nguvu, ni kitu kidogo mno: kiasi kiwezacho kumwua mtu mzima, kikigeuzwa kuwa joto tupu, ni sawa na joto la funda moja la kahawa ya moto. Funda hilo mwili haulijali. Lakini nguvu ya mionzi haienei sawasawa kama joto. Kila chembe yake hupiga mahali pamoja kama ncha ya sindano, ikakata nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe hai, na chembe iliyokatwa huendelea kuishi siku zake kama kawaida, isipokuwa siku ya kugawanyika haiwezi tena. Ngozi ya Becquerel haikufa siku ile ya Aprili. Ilikoma kuzaa, na jeraha likaonekana pale tabaka la zamani lilipochakaa na pasiwe na jipya la kulirithi.

Walioyalipia maarifa haya kwa bei kubwa zaidi walikuwa wasichana wa Kimarekani. Kuanzia mwaka 1917 mabanati walikuwa wakiajiriwa katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, kupaka tarakimu za saa kwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani, na kwa kuwa tarakimu ni ndogo na brashi hutawanyika nywele zake, walifundishwa kuichonga ncha kwa midomo: midomoni, rangini, juu ya saa, kisha midomoni tena, mamia ya mara kwa siku. Waliambiwa haina dhara. Walirudi nyumbani jioni nywele na magauni yao yaking'aa, na wako waliojipaka kwenye meno kwa furaha ya ujana. Radiamu, kama tulivyoona, ni jamaa ya bari. Na ukoo huo huo una kalisi, ambayo ndiyo mifupa yetu. Mwili ulipoipokea haukuweza kuipambanua, ukaipeleka palipo na kazi ya ujenzi, ukaijenga ndani ya mifupa.

Miaka ikapita kimya. Kisha jino likauma, likang'olewa, pengo halikupona, likang'olewa la pili, kisha vipande vya taya vikaanza kutoka vyenyewe. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Wanawake wale walipokuwa wakidhuriwa, hawakuumwa. Na walipoumwa, hawakusadikiwa. Waliambiwa ni maradhi mengine, baadhi yao wakasingiziwa maradhi ya aibu, hata daktari Harrison Martland alipoithibitisha radiamu katika miili yao mwaka 1925. Watano kati yao waliposhitaki, na mmoja wao, Grace Fryer, alikuwa amehangaika miaka miwili kabla hajapata wakili wa kumsimamia, wengine hawakuweza kuuinua mkono kula kiapo. Shauri lilimalizika kwa suluhu mwaka 1928.

Basi maumivu si kipimo cha dhara. Hili lathibitishwa upande wa urani. Upande wa pili, ule wa nafsi, ithibati yake ilitoka vitani.

Mwaka 1944, katika mapigano ya Anzio nchini Italia, daktari wa Kimarekani Henry Beecher alikuwa akiwapokea askari waliovunjika mifupa na kupasuliwa matumbo. Alizoea kudhani kwamba jeraha kubwa huleta uchungu mkubwa, akawa akiwauliza mmoja mmoja kama wataka dawa ya kutuliza. Karibu theluthi moja tu ndio waliotaka. Hawakuwa wamezirai, wala miili yao haikufa ganzi, kwa kuwa askari yule yule aliyesema jeraha lake halimsumbui alipiga ukelele alipodungwa sindano vibaya. Vita vilipokwisha Beecher aliwauliza vivyo hivyo raia waliopasuliwa hospitalini, ambao majeraha yao yalikuwa madogo kuliko ya askari, na zaidi ya wanane katika kila kumi walitaka dawa. Tafsiri yake ni kwamba kwa askari jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka mautini, na kwa raia lilikuwa mwanzo wa balaa. Mwili ule ule, nyama ile ile, lakini maana mbalimbali. Na maana ndiyo iliyohukumu.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia iliyoieleza njia ya hukumu hiyo. Walisema kwamba katika uti wa mgongo pana mfano wa lango, ambalo habari za maumivu hulipitia kabla hazijafika kwenye ubongo, na lango hilo hufungwa au hufunguliwa na habari nyingine: kutoka chini, kama mama amsuguavyo mtoto kidole alichojikwaa, na kutoka juu, kwa amri ya ubongo wenyewe wenye hofu, tumaini au shughuli. Mengi katika maelezo yao yamesahihishwa tangu hapo, lakini lile la amri kutoka juu limethibitika. Mwaka 1978 wataalamu wa San Francisco waliwapa watu waliong'olewa magego dawa isiyo dawa. Baadhi yao walipata nafuu ya kweli. Kisha walipodungwa naloxone, ambayo kazi yake ni kuzuia afyuni isifanye kazi mwilini, nafuu ile ilipungua. Maana yake ni kwamba tumaini lao lilikuwa limeufanya mwili utoe afyuni yake wenyewe. Atakayesema maumivu ya fulani ni ya kichwani tu, na aikumbuke sindano ile.

Wachunguzi wa stahamala hutumia chombo kisicho na fahari: ndoo ya maji ya barafu. Mtu huutia mkono, na hupimwa nyakati mbili, ile asemapo sasa pameanza kuuma, na ile atoapo mkono kwa kushindwa. Wakati wa kwanza ni kizingiti cha maumivu, wa pili ni ukomo wa kustahimili, na baina ya nyakati hizo mbili ndimo lilimo jambo zima, kwani ndimo ziingiamo malezi, aibu, kiburi, sala, na nani aliyesimama karibu akitazama. Huko Oxford waliwapima wapiga makasia kwa kuwabana mkono kwa ule mkanda wa kupimia shinikizo la damu, mara moja baada ya kuvuta makasia kila mtu peke yake, mara nyingine baada ya kuvuta pamoja kwa mdundo mmoja. Nguvu waliyotumia ilikuwa sawa, lakini waliovuta pamoja walistahimili kubanwa zaidi sana. Aliyewahi kuona jahazi likipandisha foromali, mabaharia kumi wameshika henza moja, mmoja anatoa wimbo na wengine wanapokea, viganja vimechunika na hakuna anayeviangalia, hatastaajabia matokeo hayo.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa baharia wa namna hiyo. Alipofika umri wa miaka sabini na kitu saratani ilimwingia katika uti wa mgongo, na katika hospitali ya kwanza aliyopelekwa, ambayo sitaitaja, aliambiwa kila aliposema anaumwa: vumilia, mzee. Neno hilo twalipenda. Tumelelewa nalo tangu jandoni, ambako kijana asiyepepesa jicho husifiwa na anayelia hukumbushwa kilio chake mpaka uzeeni, na mama zetu huusifu utungu ulionyamaziwa. Mimi sikatai kwamba subira ni pambo la mtu. Lakini subira ya jandoni ina mwisho wake na ina maana yake, na watu wamekusanyika wakiimba. Maumivu ya saratani hayana wimbo, wala hayamkuzi mtu. Kuyapima kwa subira ya mgonjwa ni kosa la elimu kabla halijawa kosa la huruma, kwa sababu mgonjwa anyamazaye hajathibitisha kwamba haumwi, na mgonjwa aliaye hajathibitisha kwamba ni dhaifu. Shahidi ni mmoja tu, naye ni yeye.

Melzack aliufahamu ukweli huo hata akatunga, mwaka 1975, orodha ya maneno ambayo mgonjwa huchagua kueleza namna anavyoumwa, kwani aina ya uchungu humwonyesha tabibu pa kutafuta. Kiswahili kimejaa maneno hayo. Jipu hupwita, kichwa huwanga, mbavu huchoma, tumbo hunyonga, kidonda chenye usaha hufukuta, na kila moja ni habari kamili kwa mwenye kusikiliza. Muuguzi aandikaye maumivu kwa yote hayo ameitupa nusu ya ushahidi.

Na dawa zipo. Jijini Kampala, tangu mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman na wenzake wa Hospice Africa Uganda walianza kutengeneza morfini ya kunywa kwa unga na maji, ikatiwa rangi ili ya nguvu kidogo isichanganywe na ya nguvu nyingi, ikapelekwa majumbani kwa wagonjwa. Na baadaye sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika wenyewe bila kumngoja daktari. Ni dawa rahisi. Yanayoizuia katika nchi nyingi ni hofu na makaratasi.

Na hapa urani yarejea, safari hii kama mtumishi. Mionzi iliyokula taya za wasichana wa Orange, ikielekezwa kwa kipimo penye mfupa ulioliwa na saratani, hutuliza maumivu kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, wakati mwingine kwa pigo moja tu. Mwaka 2013 Marekani na Ulaya ziliidhinisha dawa ya kudungwa ambayo ni radiamu yenyewe, ile ya namba 223, kizazi cha urani nyepesi ya 235, kwa wanaume ambao saratani ya tezi dume imeenea mifupani. Hufanya kazi kwa ile ile sababu iliyowaua wale mabanati: mfupa huidhania kalisi, huivuta, na palipo na saratani, ambapo mfupa wajengwa kwa pupa, huvuta zaidi; kisha radiamu hupiga kwa chembe zisizofika hata sehemu ya kumi ya milimita, ikaiua saratani na kuuachilia uboho ulio jirani.

Yule mzee hakupata dawa hiyo. Alipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza. Daktari alikuwa kijana, akamwamkia, akavuta kiti akaketi ili macho yao yawe sawa, akamwuliza: "Unaumaje, baba?" Hakuuliza kama unauma. Mzee alifikiri kitambo, akasema, "Mwanangu, huu hauchomi wala haupwiti. Huu unakeketa, kama kisu butu." Daktari akaliandika neno hilo kama lilivyo. Alipewa morfini ya kunywa kwa siku zile, na akapigwa mionzi mara moja, akalala chini ya mashine dakika chache, akainuka akisema hakuhisi kitu.

Juma la kwanza halikuwa na tofauti. Katika la tatu nilimkuta barazani kwake asubuhi, ameegemea mto, finjani mkononi, nikamwuliza hali ya mgongo. Alinyamaza kama anayesikiliza kitu kilicho mbali. "Ungalipo," akasema, "ila haukeketi tena. Wanong'ona tu."